Alikuja Agosti kutafiti mabibo

Mwaka juzi mwezi wa nane alikuja binti mmoja nyumbani kwetu Newala mkoani Mtwara, mwanafunzi wa chuo, mwaka wa tatu, begi mgongoni, dodoso kwenye faili la plastiki, kashushwa na boda pale chini ya mkorosho wa mbele ya nyumba. Akasalimia vizuri tu, shikamoo mama, shikamoo bibi, akatandikiwa mkeka akapewa maji. Afu akaeleza kilichomleta. Anafanya projekti yake ya mwisho kuhusu juisi ya mabibo, yani lile tunda la mkorosho linaloning'inia na korosho, ihifadhiweje isichache, na angependa kuanza kwa kuyaona mabibo yenyewe na kupiga picha mbili tatu za kuweka kwenye ripoti.

Mama akanitazama mimi, mi nikamtazama bibi. Bibi akainua macho juu ya mkorosho, akasema kwa upole kabisa, "Mjukuu wangu, hayo ni maua."

Kwa ambae hajawahi kuishi huku kusini ngoja nieleze. Mkorosho unaanza kutoa maua kama mwezi wa sita hivi mpaka wa tisa, korosho zinaanza kudondoka mwishoni mwa wa tisa, wa kumi na wa kumi na moja ndo zenyewe, watu wote wapo shamba wanaokota, na bibo lenyewe ukiliacha chini siku moja mbili tu linaanza kuchacha, nyuki na inzi wameshajaa, harufu yake unaisikia ukiwa bado njiani. Agosti bibo hakuna. Kuna kochoko, yani mabibo yaliyokaushwa ya msimu uliopita, na kweli mama alimletea kochoko kwenye sahani akala akasifia. Lakini projekti yake ilikuwa ya juisi.

Unafikiri alifanyaje? Alifanya ambacho hata mimi ningefanya. Alikaa siku kumi na moja akahoji watu hamsini, "je, unafahamu faida za bibo, ndiyo au hapana", akapakua picha ya bibo jekundu kwenye intaneti, akarudi chuo. Miezi mitatu baadae mabibo yakiwa yametapakaa kila mahali nikampigia picha nikamtumia WhatsApp, akajibu, "Ha! Kumbe dada yapo na ya njano?"

Sijaandika haya kumcheka. Binti wa watu alikuwa na akili na adabu, na bumu lenyewe la fildi, yani hela ya kujikimu kwenye mafunzo ya vitendo, lilikuwa limechelewa kwahiyo nauli ya kuja huku alikopa. Alikuja Agosti kwasababu kalenda ya chuo imesema fildi ni Agosti, na Agosti ya chuo ni hiyohiyo kwa anaeenda kwenye chai Njombe, kwenye pamba Shinyanga na kwenye mabibo Newala. Mi nimekaa na hili jambo muda mrefu na nimefikia mahali naamini kwamba zaidi ya hela, zaidi ya vifaa na hata zaidi ya walimu, kinachofanya vyuo visitufae huku ni kalenda. Najua wengine mtasema nimerahisisha. Ngoja nimalize.

Mimi mwenyewe nimesoma sayansi ya chakula, chuo sitakitaja. Mtoto wa Newala, nimelelewa kwa hela ya korosho, ada ya sekondari ililipwa kwa korosho na godoro la bweni lilinunuliwa kwa korosho, halafu nimefika chuoni miaka mitatu nikaguswa na korosho mara moja tu, kwenye jedwali la kitini, mstari mmoja, kiwango cha mafuta. Projekti yangu ya mwisho niliifanyia nyanya! Supavaiza alikuwa na fedha ya mradi wa nyanya, sisi wanafunzi wake sita tukagawana nyanya, mmoja sosi, mmoja kukausha, mmoja ufungashaji, mi nikapewa tabia za wanunuzi sokoni. Simlaumu sana maana yeye nae alikuwa anafuata fedha ilipo. Nilivyorudi nyumbani na digrii yangu bibi akaniuliza umesomea nini, nikasema chakula. Akacheka mpaka machozi. Miaka mitatu unasomea chakula, mwali, na ugali bado unaunguza.

Sasa hivi nipo kwenye kikundi cha kubangua korosho, wanawake kumi na nne na mzee mmoja mlinzi ambae anajihesabu mwanachama. Na kwakuwa mi ndo "msomi" wa kikundi, wanafunzi wote wa fildi wanaokuja kata yetu wanaelekezwa kwangu. Ndo maana nina haya maneno mengi.

Turudi kwenye kalenda. Mwanafunzi anaekuja kati ya Julai na Septemba anaona nini huku? Anaona kupulizia. Na kupulizia ni jambo kubwa, sio dogo, tena nawashauri wote waone. Unaamka saa kumi na moja alfajiri, baridi ya Newala mnaijua, mtu kabeba bomba la injini mgongoni anapiga unga wa salfa kwenye maua kabla upepo haujaamka na umande bado upo ili unga ushike, shamba zima linakuwa kama lina ukungu wa njano, na asubuhi ukipenga kamasi nayo ni njano. Hiyo ni vita na ubwiri unga, ugonjwa unaoua maua ya mkorosho. Ukiacha ubwiri ukala maua, huna msimu. Ila mwanafunzi huyo haoni kuokota, haoni foleni ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, wala korosho zinavyopangwa daraja la kwanza na la pili na ugomvi wake, na haoni mnada, na mtu ambae hajaona mnada wa korosho hajaijua Mtwara hata kidogo. Watu wamekaa kwenye viti vya plastiki, siku hizi bei zinapita kwenye mfumo wa kompyuta wa TMX, soko la bidhaa la taifa, zinasomwa, halafu kimya, halafu mzee mmoja nyuma anasema "hatuuzi" na wote wanaitikia hatuuzi, wanakunja kanga zao wanaondoka. Hapo kuna uchumi, sheria, ushirika, hesabu na saikolojia, digrii tano zimekaa chini ya mwembe mmoja. Na vyuo kipindi hicho cha Oktoba na Novemba vinaanza semista, wanafunzi wanagombania vyumba vya hosteli.

Kuna rafiki yangu wa Ruangwa nilimpa hii hoja akanikatalia. Akasema wewe unaongelea korosho, sisi Lindi tuna ufuta, ufuta minada yake inaanza kama mwezi wa tano wa sita hivi, mbaazi zinafuata, kwahiyo mwanafunzi wa Julai kwetu anaona kila kitu. Nikamwambia sawa, hapo umenishinda. Lakini si ndo hoja yenyewe hiyo? Lindi na Mtwara zimepakana, unapanda gari asubuhi unafika kabla ya chakula cha mchana, na bado kalenda ya mazao haifanani. Sembuse ipangwe moja kwa nchi nzima.

Watu wanapenda kusema wasomi hawajawahi kuifanyia kusini chochote. Huo nao ni uongo. Mfano mkubwa kabisa upo kilomita kama kumi kutoka Mtwara mjini, Naliendele, kituo cha utafiti ambacho sasa hivi kipo chini ya TARI, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo. Wazee wetu wanakumbuka vizuri. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilikusanya korosho karibu tani 145,000, halafu ikaanza kuporomoka mwaka hadi mwaka mpaka ikafika kama tani 17,000 tu katikati ya miaka ya 80. Sababu zilikuwa nyingi zimepangana. Watu walihamishwa kwenda vijiji vya ujamaa wakaacha mikorosho yao mbali, bei ilikuwa mbovu, afu ukaja ubwiri unga ukamalizia. Babu yangu alikuwa anasema mikorosho imerogwa. Maua yanatoka meupe kama yamemwagiwa unga, yanakauka, basi.

Kilichofanyika Naliendele ni kwamba watafiti walikaa na mikorosho. Walikaa, sio walitembelea. Mkorosho huwezi kuufanyia utafiti wa miezi miwili, unapanda leo unasubiri miaka, ugonjwa unakuja kila msimu kwa namna yake, unapima salfa uanze lini, urudie baada ya siku ngapi, mkorosho upi unavumilia na upi unakufa, unabebesha vikonyo vya mti mzuri kwenye mti wa kawaida, unasubiri tena. Ndo ikapatikana kupulizia salfa kwa ratiba na ndo ikapatikana ile miche bora ambayo leo kila mtu anaigombania. Msimu wa 2017/18 tukavuka tani 313,000. Sio salfa peke yake iliyofanya, bei ilipanda, mfumo wa stakabadhi ghalani, yani korosho zinakusanywa ghalani ndo ziuzwe kwa mnada, ulishakuwepo tangu 2007, watu walipanda mashamba mapya, lakini bila ile kazi ya Naliendele sidhani kama mama angekuwa na shamba la kupulizia leo. Na mapambano hayajaisha maana kuna mnyauko fuzari, ulionekana Mkuranga kijiji cha Magawa 2012, huo unakausha mti mzima umesimama, na watu walewale wanahangaika nao.

Tena na mfano wa upande wa pili tunao hukuhuku. Nachingwea. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulianza 1947, wakaleta mpaka vifaru vya vita vya pili vilivyobadilishwa kuwa matrekta, wakajenga bandari ya Mtwara na reli mpaka Nachingwea kwa ajili ya kubeba karanga, na 1951 mwanzoni wakautangaza umekufa. Kongwa kule Dodoma, ambako mradi huohuo ulikuwepo, ndo ilikuwa mbaya zaidi, udongo wa kule ukikauka unakuwa kama saruji, mvua zenyewe za kubahatisha, na hayo yote mkulima yeyote wa pale angewaambia bure kwa kikombe cha uji. Reli yetu iling'olewa miaka ya 60 mwanzoni. Bandari ilibaki na hiyo tunaishukuru. Wale hawakukosa wataalamu, walikuwa nao wamejaa.

Na viwanda je. Miaka ya 70 serikali ilijenga viwanda 12 vya kubangua korosho kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mashine za Kiitaliano na za Kijapani, makubwa kwelikweli, vya kwetu Newala navyo vikiwemo. Vilivyoanza kukamilika, korosho zenyewe ndo hizo zilikuwa zinaisha shambani. Vingi baadae vikawa maghala. Mi nimekua nikiamini kiwanda ni jina la ghala.

Halafu gesi. Hii siwezi kuiandika kwa utulivu kwahiyo nitapita haraka. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982 ikalala, ilipofika 2012 bomba la kwenda Dar likaanza, 2013 Mtwara ikawaka moto, watu wakipinga gesi kupelekwa Dar, tuliokuwepo tunajua. Lakini kitu ambacho hakiandikwi sana ni jinsi kila kijana alivyoambiwa nenda kasomee gesi. Vyuo vikafungua kozi za mafuta na gesi, kozi fupi kozi ndefu, vipeperushi kila kona ya stendi. Mtoto wa jirani yetu ana cheti cha usalama kwenye mitambo ya baharini, ana digrii, ana kofia ngumu kainunua mwenyewe. Anaendesha boda. Ile kofia anaivaa kwenye boda, angalau inafanya kazi. Mradi wa kuchakata gesi kimiminika pale Likong'o Lindi, mpaka naandika hapa bado unazungumzwa. Sisemi wasingefundisha. Nasema walifundisha kitu ambacho tarehe yake ya kuanza haipo mkononi mwa mtu yeyote wa Mtwara, wakaacha kufundisha korosho ambayo tarehe yake hata kuku wanaijua.

Sasa nimfikie kijana wa chekeche maana ndo hasa aliyenifanya niandike.

Huyu alikuja mwezi wa kumi na moja. Alikuwa mwanafunzi wa uhandisi mitambo na kilichomleta Novemba badala ya Agosti ni kwamba alikeri somo. Alifeli mtihani, akapiga sapu, mtihani wa marudio, akaifeli, kwahiyo akalazimika kusubiri somo lirudi mwaka unaofuata, hapo katikati ana miezi kadhaa hana kazi, akaambiwa na mwalimu wake nenda basi kaanze projekti. Projekti yake ilikuwa kuchora mashine ya kubangua korosho inayotumia sola. Alitukuta tumezama kwenye kazi hata mtu wa kumkaribisha hakuna, mama mmoja akamwambia, "Kaka samahani, kama una mikono safi shika hapa."

Nieleze kazi yenyewe. Korosho ghafi unazichemsha kwa mvuke, unazimwaga zipoe usiku kucha, asubuhi zinaenda mezani kwenye mashine ya kukatia. Ni meza ina visu viwili vimetazamana, vimepindika kufuata umbo la korosho, unaweka korosho moja katikati, mkono unavuta mpini visu vinabana, mguu unakanyaga chini ganda linafunguka. Mwenzio upande wa pili anachokoa kiini kwa pini. Moja. Halafu nyingine. Halafu nyingine. Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, ukiwa huna glovu unapaka majivu na mafuta ya kula na bado kucha zinakuwa nyeusi na ncha za vidole zinabanduka, kuna kipindi simu yangu ilikataa kabisa kusoma alama ya kidole ikabidi niweke namba. Baada ya hapo kukausha kwenye tanuri, kumenya ule utando wa ndani, kupanga madaraja. Na hapa kwenye madaraja ndo hela ilipo, kiini kizima kina bei yake na kilichovunjika kina bei yake, na tofauti inauma.

Sisi vipande vilikuwa vingi. Tulikuwa tunalaumiana, wewe mkono wako mzito, wewe unaongea sana kazini. Tulishaletewa na mafunzo, siku tatu, ukumbi, soda, projekta, mada ikiwa ujasiriamali na kujitambua. Kujitambua! Tumepewa na fulana.

Yule kijana alikaa mezani siku mbili anakata korosho kimyakimya, wala hakutoa dodoso. Siku ya tatu akaja na kalipa, kile kifaa cha kupimia upana wa vitu vidogo, akachota korosho kwenye gunia akakaa chini anapima moja moja anaandika kwenye daftari. Alipima mia mbili. Mama akasema huyu mtoto anapima korosho kama wanavyopima watoto kliniki, anataka kujua ipi imepungua uzito. Mchana akatuita akatuonyesha. Kumbe korosho zetu zimetofautiana sana, kuna kubwa kabisa na kuna za kitoto, na nafasi kati ya visu tumeifunga kwa saizi moja tangu mashine inunuliwe. Ikiingia kubwa kisu kinapita mpaka kwenye kiini. Ikiingia ndogo kisu hakifiki, unabana mara ya pili kwa hasira, inasagika. "Mama," akasema, "mkono wako hauna shida."

Kuna mama mmoja pale tulikuwa tumemsema mwaka mzima. Alinyanyuka akaenda nje kidogo, akarudi.

Viwanda vikubwa hili wanalijua, wana mashine za kuchambua saizi, sio ugunduzi wa dunia. Sisi ndo hatukuwa tunajua, na hakuna aliyewahi kukaa mezani akaona. Akaenda kwa fundi wa kuchomelea pale karibu na stendi wakatengeneza chekeche. La kwanza likafeli. Walitumia binding waya kupunguza gharama, tukamwaga debe la korosho waya zikalegea, nafasi zikatanuka, kubwa na ndogo zote zikapita pamoja, tukacheka sana yeye akanuna. La pili wakaweka nondo nyembamba za milimita 6, fremu ya mbao za mwembe, matabaka mawili yana nafasi tofauti, unatikisa zinapatikana rundo tatu. Tunakata rundo moja lote, afu tunafungua nati za visu tunarekebisha, tunakata rundo linalofuata. Basi ndo hivo tu. Lile dumu la vipande ambalo zamani lilikuwa linajaa Jumatano, likawa linafika Jumamosi halijajaa.

Gharama yote ya chekeche ilikuwa chini ya nauli yake ya kwenda na kurudi chuoni.

Sasa sikilizeni mwisho wake. Alivyorudi chuo na kuandika ripoti, ripoti ilibaki kuwa ya mashine ya sola. Michoro, hesabu za paneli, bei za betri, mashine ambayo haijawahi kutengenezwa na mi sidhani kama itatengenezwa. Chekeche likawekwa kwenye viambatisho, ukurasa mmoja, picha moja ya mama kashika fremu na kidole cha fundi kimeonekana pembeni. Nilimuuliza kwanini, akasema dada, chekeche halina ugumu wa kutosha kwa mhandisi wa mwaka wa nne, wataniuliza umebuni nini hapo. Nikanyamaza. Nikamkumbuka supavaiza wangu na nyanya zake.

Kuna jambo jipya linaniumiza tumbo kwa matumaini na kwa wasiwasi, ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inayojengwa Lindi. Ipo kwenye mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioanza 2021 kwa ajili ya vyuo vikuu nchini, na ya Lindi ni ya mambo ya kilimo. Nimefurahi jamani, nisiwe mnafiki. Mtoto wa Liwale kusoma digrii ya kilimo bila kuvuka Rufiji ni jambo ambalo babu yangu asingeamini, yeye alikuwa anaenda Dar kwa siku kadhaa kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa 2003, na hata Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara pale Somanga tulikumbushwa tunaishi wapi. Chuo Kikuu Huria kina vituo Mtwara na Lindi, Stella Maris wapo Mtwara, wavuvi wana FETA pale Mikindani, kwahiyo sio kwamba hatuna kabisa. Ila kilimo cha ngazi ya chuo kikuu, ukanda huu, kilikuwa bado.

Wasiwasi wangu ni kwamba jengo litakuwa Lindi na kalenda itabaki Dar. Ndo hilo tu. Mwanafunzi atakuwa darasani anasomeshwa korosho mwezi Aprili kwa slaidi na Novemba atakuwa anafanya testi wakati mabibo yanachacha nje ya dirisha. Kama kuna mwenye sikio la wakubwa wa pale amwambie, semista ikatwe kwa kufuata mazao, hata kwa programu mbili tu kwa kuanzia. Na kila projekti ya mwanafunzi iwe na siku moja ya kurudi kuwasomea majibu waliohojiwa, kwa Kiswahili, chini ya mti. Bibi yangu kahojiwa mara nne na vyuo tofauti. Wa mwisho alivyomuuliza je unatumia mbinu gani za kuongeza thamani, alimjibu, "Andika kama alivyoandika mwenzio, mi nimeshasema."

Yule kijana wa chekeche amemaliza, somo lake alilifaulu, yupo Dodoma kwenye karakana ya mtu. Binti wa mabibo alipata alama nzuri sana, na ninampenda, huwa ananitakia Idi. Chekeche lenyewe bado lipo ila nondo moja ya tabaka la juu imeachia, tumefunga na kamba ya katani kwa muda, fundi anataka elfu tano.

Juzi kapiga simu mwanafunzi mwingine, sayansi ya chakula kama mimi, anaomba kuja Agosti. Anataka kufanyia kazi mabibo. Nikamwambia mdogo wangu, Agosti njoo uone salfa, lakini kama unataka mabibo omba ruhusa uje Novemba, hata wiki mbili, utalala kwetu na chakula kipo. Akasema ataongea na supavaiza wake. Nimemwambia akikubaliwa aje na glovu nene pea tatu, zetu zimetoboka zote upande wa dole gumba.